Ortansia Mbele ya Nyumba ya Karani

Hippolyte alipong'oa lengalenga za mkewe, alianza na zile nene zilizokuwa tayari kwa chungu, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Angeanza na zile nyembamba labda angepata nafasi ya kujieleza. Marcelline alitoka jikoni na Heri, mtoto wao mchanga, mgongoni, akaona mboga ya leo na ya kesho imelala mizizi juu, na mumewe amesimama katikati yake amevaa soksi ndefu za ofisini.

"Baba Heri, lengalenga yangu imekukosea nini?"

"Tunapanda maua."

"Maua ya kula?"

"Maua ya kuangalia."

"Ah, ya kuangalia." Marcelline aliinama akaanza kuokota mboga zake moja moja. "Basi, saa sita nitakuletea kiti hapa inje. Utakaa, utaangalia mupaka utashiba."

Hippolyte hakucheka. Yeye alikuwa karani wa ofisi ya serikali hapa kwetu Kasongo, mtu wa mwandiko mzuri na shati jeupe, na kwa majuma kadhaa alikuwa hacheki kwa jambo lolote. Hii ilikuwa miaka ya baada ya vita vya Hitler, Wabelgiji walipoanza kutoa karte, kadi ya heshima, kwa mtu mweusi waliyeona amestaarabika. Karte hiyo haikutolewa bure. Kwanza walikuja nyumbani kwako wazungu wa komisyo, yaani kamati ya ukaguzi, wakatazama kama kitanda kina shuka, kama mkeo anakaa mezani pamoja nawe, kama uma unaijua njia ya kwenda kinywani. Choo nacho walikichungulia. Mtu mzima mwenye watoto alisimama kando na kofia mkononi wakati mgeni akifunua sufuria zake.

Wengine waliitaka karte hiyo ili wanywe divai, wengine ili askari asiwaulize jioni wanatoka wapi. Hippolyte aliitaka kwa jambo moja. Mwenye karte hakuweza tena kulazwa chini na kupigwa fimbo. Watu wote walijua kwamba alilitaka hilo, na hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana hapa kwetu hilo si swali.

Ortansia, ndiyo maua yenyewe, zilitoka kwa Madame, mke wa Bwana mkubwa wa ofisi. Siku moja Hippolyte alipokuwa amembebea vifurushi hadi barazani, Madame alimwambia kwamba nyumba bila maua komisyo huipita haraka, akampa miche mitatu katika makopo ya siagi, iliyoletwa kutoka milima ya Kivu kwenye baridi. Akamfundisha na kuitunza. Shimo liwe pana kuliko refu, samadi ya mbuzi iwe ya zamani. Mche usizikwe kupita ulivyokuwa koponi. Upate jua la asubuhi, na mchana uvuli wa ukuta. Maji yamwagwe shinani asubuhi, si juu ya majani. Na udongo ufunikwe vizuri kwa majani makavu, la sivyo mizizi itaungua. Madame alikuwa mpole kwa maua kuliko kwa watu, lakini katika habari ya ortansia alisema kweli tupu, na Hippolyte aliyashika maneno yake kama katekisimu.

Ni Marcelline aliyekwenda mtoni kuteka maji ya kunywesha hiyo miche.

*

Siku za kwanza ortansia zilifanya mchezo wa kumtia mtu wazimu. Asubuhi zilisimama vizuri. Saa sita, jua la Kasongo lilipopanda, majani yake mapana yalilegea yakaning'inia, na Hippolyte aliporudi kula alizikuta zimeinama kama wanafunzi wasiojua jibu. Jioni zikasimama tena.

"Zinazimia," alisema Marcelline. "Na mimi kesho nitazimia saa sita, tuone nani ataniletea maji."

"Usizimwangie kila wakati. Madame alisema maji mingi inaoza mizizi."

"Nani anazimwangia? Mimi? Ile maji nilibeba na kichwa yangu, niimwange bure?"

Ugomvi wa maji ulikuwa mdogo, na aghalabu uliishia kwa kicheko cha Marcelline. Ugomvi mkubwa ulitoka upande mwingine, kwa Mama Régina, mama yake Hippolyte, aliyekaa nao. Mama huyo alikuwa na kazi yake ambayo hakumwachia mkwe wala mtu yeyote: kabla jua halijachomoza alifagia uwanja. Aliufagia mpaka ukabaki na mistari ya ufagio tu, na mtu wa kwanza kupita alionea haya kuweka mguu.

Na hapa yafaa mgeni aelewe. Kwetu uwanja usiofagiwa si uvivu tu. Nyumba ikifiwa, ufagio huwekwa kando, na hakuna anayeushika mpaka matanga yaishe. Basi majani yakilala mbele ya mlango hadi jua kutoka, mpita njia haulizi. Anavua viatu, anaanza kulia. Ndiyo maana hata mvivu wa mwisho katika mtaa wetu hufagia, ili watu wasimzike.

Kwa hiyo Hippolyte alipofunika mashina ya ortansia kwa majani makavu jioni, asubuhi aliyakuta mashina yamebaki uchi, na udongo umepigwa mistari.

"Mama, nani ametoa majani yangu?"

"Majani gani? Ile takataka?"

"Inalinda mizizi, Mama. Jua inaichoma."

"Jua inakuchoma na weye kila siku, na sijaona mutu anakufunika majani."

"Ni Madame mwenyewe alisema."

Mama Régina aliegemea ufagio wake. "Ule Madame, mama mukwe wake iko hapa Kasongo?"

"Hapana, Mama. Iko Ulaya."

"Njo maana. Amekosa mutu wa kumwambia uchafu ni uchafu."

Hippolyte akafunika tena, mama akafagia tena. Yeye alikuwa mtu wa serikali, lakini hapo alishindana na mtu aliyemzaa. Kingo za majani ya ortansia zikaanza kuwa kahawia. Mche mmoja ukadondosha kitumba chake, na siku hiyo Hippolyte hakula. Alikaa barazani akiutazama, na Marcelline, ambaye alikuwa ameandaa mzaha mzuri kabisa juu ya kiti na kuangalia maua, aliona uso wake akaumeza mzaha huo.

"Komisyo inakuja juma hii," alisema Hippolyte. "Wakikuta miti mitatu imekufa, watasema hata majani imemushinda, tutamupa karte ya nini?"

"Karte haiko mu majani, Baba Heri."

"Kwa hawa watu iko mu majani. Iko mu uma, iko mu soksi. Mimi sikuchagua pahali pa kuiweka."

Jioni hiyo Marcelline mwenyewe alimshikia kikapu cha majani makavu, na Hippolyte alipomaliza kufunika mashina, aliingia ndani, akautwaa ufagio wa mama yake akausukuma chini ya kitanda, nyuma ya sanduku.

Mama Régina aliutafuta ufagio kabla jua halijatoka. Aliutafuta jikoni, akautafuta nyuma ya banda la kuku, akarudi akasimama mlangoni na mikono kiunoni. Alimtazama mwanawe, akamtazama mkwe wake, na wote wawili wakatazama chini. Hakupiga kelele. Alifunga nguo zake katika kitambaa.

"Naenda kwa mudogo wangu Victorine," alisema. Victorine alikaa katika kijiji kwenye njia ya Kabambare, mwendo wa saa moja kwa miguu. "Kule bado wanafagiaka. Siku fagio yangu itapona ile ugonjwa yenye iko nayo, mutume mutu aniite."

"Mama, ni siku kidogo tu. Komisyo ikishapita..."

"Kaa na maua yako, mutoto wangu. Ukiwa na njaa, uyaangalie."

*

Mama alipoondoka, ortansia zilipona. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Udongo chini ya majani ulibaki na ubaridi, shina lilinyanyuka, na asubuhi ya siku ya komisyo ua moja lilifunguka, kubwa, la buluu. Hata Marcelline alilizunguka mara mbili.

"Ni zuri," alikiri. "Lingekuwa na chumvi kidogo, ningelipika."

Lakini kuku nao walipona. Mama Régina ndiye aliyekuwa akiwafukuza, na sasa walichakura majani makavu wakayatawanya uwanja mzima, toka ukutani hadi njiani, yakachanganyika na manyoya. Marcelline alitaka kuyaokota, lakini kulikuwa na shuka za kunyoosha, na viti vya kuazima, na viatu ambavyo miguu yake ilivikataa. Hippolyte alikuwa ndani akipanga uma mezani, akiuhamisha huu kushoto, akiurudisha kulia.

Ndipo jirani yao Aziza, mke wa Amuri fundi cherehani, alipopita na mtungi wake wa maji. Aliona majani mbele ya mlango na jua limekwisha kutoka. Akasimama. Akakumbuka kwamba sauti ya Mama Régina hajaisikia siku hizi, wala sauti ya ufagio wake. Akaweka mtungi chini, akachungulia, akamwona Hippolyte amevaa shati jeupe na kaptula mpya asubuhi mapema, peke yake, akipanga meza bila watu. Hakuhitaji zaidi. Lisemwalo lipo, na Aziza alilisema kwa sauti kubwa mtaa mzima.

Wakaja. Wanawake walikuja bila viatu, vilemba vimefungwa kiunoni. Wanaume walikuja na kuni. Mkono mtupu haulambwi, basi huyu alileta unga, yule kuku, mwingine mafuta ya mawese. Waliketi chini uwanjani juu ya majani makavu, wakaanza kumlilia Mama Régina kwa moyo wote, maana alikuwa mtu mkali na watu wakali hupendwa sana wakishakufa.

Hippolyte alitoka mbio na uma mkononi. "Nini hii? Hakuna mutu amekufa! Mama iko kwa mudogo wake Victorine!"

Amuri alimshika mabega. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa na nguvu. "Ndugu yangu, uchungu inafanyaka vile. Wakati baba yangu alikufa, na mimi nilikuwa nasema iko sokoni."

"Amuri, nakuambia Mama ni muzima!"

"Ndiyo, ndugu. Keti kwanza."

"Nafagiaka... hapana, sisi hatufagie sababu ya maua!"

Watu walitazamana. Mama mmoja mnene alikuwa akijiweka vizuri ukutani, na Hippolyte akaruka: "Maua! Mama, maua!" Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, huzuni imempanda karani kichwani. Marcelline alisimama mlangoni katika viatu vyake vya mateso, akajaribu kueleza kuanzia lengalenga, na wanawake wakamvuta chini wakamkumbatia mpaka maneno yakakosa njia ya kutoka.

Walikuwa bado katika hayo saa nne, motokari ya komisyo ilipofika.

*

Bwana mkubwa wa ofisi, ambaye siku hiyo ndiye aliyeongoza komisyo, alishuka kwanza, kisha Madame. Bwana alikuwa mrefu, na Kiswahili alikijua vizuri, kama watu wote wanaopaswa kutoa amri. Aliwatazama watu waliojaa uwanja, akamtazama Hippolyte na uma wake.

"Nani amekufa hapa?"

Hippolyte alifungua kinywa. Kabla hajatoa neno, kilio kipya kilisikika njiani, kikubwa kuliko vyote, na wote wakageuka. Alikuwa Mama Régina. Mwuza ndizi aliyepita kwa Victorine alikuwa amewaambia kwamba kwa karani kuna matanga. Mama alijua kwamba yeye mwenyewe hajafa. Mkwe na mjukuu aliwaacha wazima. Bali mwanawe alimwacha hali chakula, amekonda, na kichaa cha maua kimemshika. Hakungoja kuambiwa jina. Alitembea njia yote akilia, macho yamefumba nusu, vumbi mpaka magotini.

Wanawake waliokuwa wakimlilia walimwona marehemu akija kwa miguu yake, na kilio kikakatika. Aziza alibaki na mdomo wazi katikati ya sifa. Mama Régina hakuona mtu. Alijitupa chini mbele ya nyumba, uso kwenye udongo, akamlilia mwanawe kama tunavyolia kwetu, kwa jina na kwa habari zake.

"Hippolyte wangu ee! Mutoto wangu wa mwandiko! Walikulaza chini mbele ya ofisi, sababu ya wino yenye hukumwanga! Bwana mwenyewe aliimwanga na kiwiko yake, na ni weye walilaza chini, wakakupiga fimbo! Hukulia, mutoto wangu. Ulifika ku nyumba, ukakula ugali umesimama. Ukaniambia, Mama, leo ugali ni muzuri. Mimi nilijua sababu gani unakula umesimama! Nilinyamaza, mutoto wangu ee, nilinyamaza, nikakuongezea mboga!"

Uwanjani kuku peke yao walikuwa wakichakura.

"Anasema nini?" Madame aliuliza kwa Kifaransa.

"Maneno yao ya matanga," Bwana alijibu. Alikuwa amegeukia ua la buluu, akilitazama kama mtu anayetaka kulinunua. Kiwiko chake alikuwa amekibana ubavuni.

"Lakini anamtaja Hippolyte. Hippolyte, mama huyu anasema nini?"

Amuri hakujua Kifaransa, lakini swali la namna ile linaeleweka kwa lugha yoyote. "Sema ni shangazi yako," alinong'ona. "Sema ni wazimu."

Ulikuwa uongo mwepesi kabisa, na Bwana mwenyewe aliusubiri. Aligeuka akamtazama karani wake, na macho yake hayakuwa ya hasira, yalikuwa yakiomba. Hippolyte alielewa kwamba karte iko hapo. Haikuwa katika uma, wala katika shuka, wala katika ortansia. Ilikuwa katika sentensi moja ambayo angeisema sasa, na baada yake mgongo wake ungekuwa wake mpaka kufa. Aliitaka, Mungu ndiye anajua alivyoitaka.

Akamtazama mama yake chini pale. Kwetu kilio kilicholiliwa kwa jina la mtu hakigawiwi mtu mwingine. Ukikikana, umemkana aliyelia.

Akaunganisha miguu yake kama ofisini, akaitafsiri habari yote kwa Kifaransa, taratibu, kila kitenzi mahali pake. Wino, kulazwa chini, ugali, kusimama. Kiwiko hakukiruka. Alipofika kwenye mboga aliianza sentensi upya, akamalizia na mboga.

Madame alimtazama mumewe. Bwana alivaa kofia yake.

"Makaratasi yako yatangoja, Hippolyte."

"Ndiyo, Bwana."

Hawakuingia ndani. Shuka hakuna aliyeziona, na uma zote zilikuwa zimepangwa bure, labda kwa kuku. Madame, maskini, alipokuwa akipanda motokari, alitafuta neno la kusema, akasema majani makavu yamewekwa vizuri.

*

Motokari ilipokwenda, Mama Régina aliinua uso. Alimwona mwanawe amesimama. Aliinuka, akamgusa kifua, akamgusa shavu, kisha akampiga kofi la begani lililosikika mpaka kwa Amuri.

"Weye ni muzima!"

"Niko muzima, Mama."

"Na hawa wote wanamulilia nani?"

"Wanakulilia weye."

Kicheko kilianzia kwa Marcelline, aliyekwisha kuvua viatu, kikazunguka uwanja, watu wakashikana mbavu. Mama Régina hakucheka. Alikuwa ameshamgeukia jirani yake.

"Aziza, ulinililia unasema nini?"

"Nilisema ulikuwa mutu muzuri, Mama."

"Tu?"

"Nilisema na usafi wako, Mama. Ningeongeza, lakini ulifika."

Chakula kilicholetwa matangani hakirudishwi nyumbani. Anayekirudisha anabeba na kifo. Basi moto ukawashwa, kuku wakachinjwa, na Marcelline akakoroga ugali mkubwa kwa ajili ya watu wasiofiwa. Hippolyte alibaki kando, na tai yake shingoni. Mama yake akamfuata.

"Mama, karte imeenda."

"Nilisikia."

"Wanaweza kunilaza tena. Hata kesho."

"Wanaweza." Mama alimwondolea jani kavu lililomshika begani. "Nilizani umekufa, Hippolyte. Kama ningejua uko muzima, ningenyamaza tena."

"Nilizani haukujua."

"Mutu anakula amesimama siku tatu, na mama yake asijue?"

Hippolyte aliketi chini, pale pale kwenye majani makavu, na kaptula yake mpya, na machozi yakamtoka bila ruhusa, kwanza kidogo, kisha mengi, na mabega yakamtikisika mbele ya mtaa mzima. Watu wakaacha kucheka. Wengine wakatazama moto. Alitafuta kitambaa mfukoni, akakosa, akaanza kuomba msamaha kwa Kifaransa kama mtu aliyezoea kuomba.

Amuri alikuja akaketi karibu naye, akampa kipande cha kitambaa cha duka lake.

"Lia tu, karani," alisema. "Matanga ni ya kwako."